Miti Sita na Dakika Arobaini

Siku hiyo mjinga alikuwa yeye. Tuliseme mapema lisije likatukwama kooni, na mwenyewe halikatai. Ukimkuta leo kwenye benchi la nje ya kiwanda cha karatasi, akipuliza chai yake, atakusimulia bila kuombwa. "Wajinga ni wengi," atakwambia, "lakini mjinga mwenye uzoefu wa miaka ishirini na tisa hapatikani hivi hivi. Huyo ni wa kuagiza."

Kazi yake ni kupika miti, na kwa sababu hiyo hakuna kiwandani anayemwita kwa jina lingine ila Mpishi. Magogo hukatwakatwa yakawa vibanzi vya ukubwa wa kidole gumba. Vibanzi humiminwa ndani ya chungu cha chuma, vikatiwa dawa kali, vikafungiwa mvuke, vikachemka mpaka ile gundi iliyokuwa ikiushikilia mti usimame iyeyuke. Kinachobaki ni nyuzi. Nyuzi zikioshwa huitwa rojo, na rojo likitandazwa, likakamuliwa na kukaushwa, ndiyo karatasi hiyo unayoandikia barua, unayofungia karanga, na unayompa mtoto achore ng'ombe mwenye miguu sita.

Vyungu viko vitatu, na wafanyakazi wamevipa ukoo. Kikubwa, kirefu kama nyumba ya ghorofa mbili, ni Bibi. Cha kati, cha kufanyia majaribio, ni Mama. Kile cha maabara, kisichozidi ndoo, ni Mjukuu. Bibi hupika kwa muda wa saa tatu. Mpishi hakuwahi kuangalia saa. Alisimama chini ya bomba la mvuke, akainua pua, na ile harufu nzito ya gundi inayoyeyuka ilipofika pale anapopataka, akasema, "Tayari," na chungu kikafunguliwa.

Katika miaka yote hiyo alitoa chungu kibichi mara moja tu, mwaka wake wa kwanza. Rojo lilijaa vinundu, karatasi ikawa inachanika mashinani kutwa nzima, na mkubwa wa wakati huo akamtuma uwanjani kupanga magogo miezi mitatu, juani, huku kila apitaye akimuuliza kama magogo yameiva. Tangu hapo aliogopa chungu kibichi kuliko simba. Nyumbani pia. Mkewe, fundi wa kujalidi vitabu, alikwisha kuzoea kula vyakula vyenye rangi ya makaa kila alipougua na mumewe akashika sufuria.

Lakini tusimwonee, kupika alikujua. Mwaka wa ukame, magogo yalipoadimika, alipewa mimea mingine ajaribu. Alipika mianzi, ikakwangua mabomba kwa sababu tumboni mwake mna kitu kama mchanga. Alipika makapi ya miwa, yakanywa dawa kama sifongo. Alipika mabua, migomba, na nyasi ndefu za kando ya mto ambazo hata mbuzi walizikataa. Vyote vikatoka karatasi, nyingine nzuri, nyingine ya kufungia misumari tu. Mvua ziliporudi na magogo yakarudi, kiwanda kikarudi kwenye magogo. Ndivyo tulivyo: tukishiba hatukumbuki nani alitukopesha unga.

Binti yake alikuwa hajasahau. Alikuwa bado msichana wa shule wakati ule, akija kumletea baba chakula na kumkuta amelowa rojo la mabua mpaka viwikoni. Alipokua akaenda kusomea miti, akaajiriwa kwenye kituo cha utafiti wa misitu, na miaka minne kabla ya siku ya ujinga akapanda miti saba ndani ya uzio wenye kufuli mbili.

"Ina nini hiyo, mpaka inafungwa kama wafungwa?" Mpishi aliuliza siku alipopelekwa kuitazama.

"Tumeihariri, baba. Kila mti una maandishi ndani yake, yaani vinasaba, yanayouambia ujijenge vipi. Tumekata maneno machache, yale yanayouambia utengeneze gundi nyingi."

"Kwa hiyo umeufundisha mti uvivu."

"Nimeufundisha kiasi. Gundi ikipungua, nanyi mtapunguza dawa, na kuni, na lile jimaji jeusi mnalomwaga."

"Na upepo ukija?"

"Imesimama miaka miwili sasa. Wewe ukipigwa na upepo wa jana ungesimama?"

Akacheka, akaupapasa mti mmoja shinani kama mtu apapasavyo shavu la mjukuu wa kuazima. Hapo ndipo binti alipomweleza jambo lililomkaa moyoni: sheria haikuruhusu miti ile ichanue. Ikikaribia kutoa maua lazima ikatwe, chavua isije ikatoka nje ya uzio kabla watu hawajajua matokeo yake. Basi haitakuwa na maua, haitakuwa na mbegu. Itakuwa na nafasi moja tu ya kusema ilichokuja kusema, nayo ni ndani ya chungu.

Miti ilipofika mwaka wa nne, ikakatwa. Kiwandani wakaiita miti ya mkasi, kwa yale maneno iliyokatwa. Sita ilisagwa vibanzi ikajaa chungu cha Mama sawasawa, na wa saba binti akaubakiza kituoni, vibanzi vyake ndani ya gunia moja, kwa vipimo vya unyevu. Majaribio yakapangwa Jumanne. Ijumaa kamati ya kituo ilikuwa ikutane iamue juu ya miche mia tatu ya aina hiyo hiyo: karatasi ikiwa imara, ipandwe; ikiwa dhaifu, ichomwe moto na kazi ifungwe. Hiyo ndiyo ilikuwa hali yenyewe. Miaka minne ya binti na miche mia tatu, vyote mikononi mwa pua moja.

Jumanne asubuhi binti alimkabidhi baba yake karatasi yenye mistari miwili. Moto kiasi gani, na muda: dakika sabini.

"Sabini?" Mpishi aliisogeza karatasi mbali na macho kana kwamba umbali ungeongeza namba. "Mama, sabini ni muda wa kuchemsha maji ya kuoga."

Alimwita binti yake mama tangu alipozaliwa, kwa sababu alizaliwa na sura ya mama mzazi wa Mpishi.

"Sabini, baba. Zikifika unafungua, hata pua yako ikikataa."

"Nimesikia."

"Usiongeze."

"Mimi?"

"Wewe."

"Nenda kaandike ripoti yako. Miti yako iko kwa babu yake."

Akaenda. Mpishi akajaza chungu, akakaza vifuniko, akafungulia mvuke, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Na nia yake, tumtendee haki, ilikuwa njema. Dakika ya sitini akainuka. Dakika ya sabini akainua pua.

Hapakuwa na harufu.

Si kwamba ilikuwa kidogo. Haikuwepo. Mvuke ulinuka kama nguo zinazopigwa pasi. Tangu mwaka ule wa kwanza pua hiyo haikuwahi kumdanganya, na sasa ilikuwa inamwambia: mbichi, mbichi, mbichi. Akaona vinundu. Akaona karatasi inachanika mbele ya watu. Akamwona mtoto wake juani, akipanga magogo, na watu wanapita wakimuuliza kama yameiva. Mkono ukaenda kwenye valvu, ukarudi.

"Kumi tu," alijiambia. Ikapita kumi, harufu haikuja. "Kumi nyingine." Haikuja. Mwishowe akaongeza ishirini kwa mpigo, kama mama anayemrundikia mtoto nguo kabla ya kumpeleka shule, sweta juu ya sweta, mpaka mtoto hawezi kukunja mikono. Jumla dakika arobaini.

Methali inasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ya asiyesikia la mdogo haijatungwa bado, maana watungaji ndio hao hao wakuu.

Alipofungua, aliingiza vidole, na vidole vikajua papo hapo. Rojo zuri hushikana, ukilivuta linakuvuta. Hili lilimponyoka kama maziwa. Nyuzi zote zilikuwa zimekatikakatika. Hakuwa amepika miti. Alikuwa ameikoroga uji.

Meneja wa kiwanda akaja na mama wa vipimo, mwanamke mfupi mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, ambaye kazi yake ni kuvuta karatasi mpaka zikatike. Wakatandaza kipande, wakakikausha, akakiweka kwenye mashine yake. Kilikatika kabla mshale haujaamka.

"Nilijua," meneja alisema. "Ukiuondolea mti uti wa mgongo unatarajia nini? Miti ni dhaifu." Kisha akamgeukia Mpishi. "Mzee, umepika kama ulivyoambiwa?"

"Nimepika," akasema Mpishi.

Neno lilikuwa la kweli na lilikuwa uongo mtupu. Meneja akaondoka. Ukutani mwa chungu cha Mama kuna kalamu ya mashine inayochora mstari wa moto na muda kwenye karatasi ya duara, mwanzo hadi mwisho, haijui kupendelea. Mpishi akaichomoa ile duara, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Kisha akaosha chungu kwa bidii isiyo ya kawaida yake.

Binti alipigiwa simu na meneja, hakumpigia baba. Alasiri jua likiwa bado juu, Mpishi alimkuta nyumbani kwao, amekaa kwenye meza ya mama yake katikati ya nyuzi za kushonea vitabu na kopo la gundi, ametandaza madaftari yote ya miaka minne. Alikuwa anatafuta kosa.

"Labda ni hapa," alisema bila kuinua kichwa. "Nilikata maneno matatu. Yangetosha mawili. Mwalimu wangu alinionya, nikajiona najua." Akafungua jingine. "Au ni ule mwaka wa pili, majani yalipogeuka manjano. Nilifikiri ni maji. Baba, unakumbuka majani yalivyogeuka?"

"Nakumbuka."

"Nilipaswa kuona."

Ukurasa baada ya ukurasa, alipitisha kidole chini ya mwandiko wake mwenyewe, mwandiko mdogo uliopangwa vizuri, na kila mstari akauwekea alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu. Mpishi alisimama mlangoni akitazama alama hizo zikiongezeka. Ni jambo gumu kumwona mtoto wako anatafuta kwenye nyumba yake kitu ambacho kimo mfukoni mwako.

Binti alipokwenda uani kunawa uso, mkewe alichukua kipande cha karatasi ambacho Mpishi alirudi nacho kutoka kiwandani, akakitikisa karibu na sikio. Karatasi njema hulia. Hii ilinyamaza.

"Hii haikuzaliwa dhaifu," alisema. "Hii imechoshwa. Uliiongezea."

"Nani kakwambia?"

"Bwana wee! Miaka thelathini na moja unanipikia nikiumwa. Umewahi kuniletea kitu ambacho hakijaungua?"

Mpishi akakaa. Akatazama mikono yake.

"Nikimwambia atanichukia."

"Atakuchukia wiki. Usipomwambia atajichukia yeye, na hiyo haina wiki." Akachomeka sindano kwenye kitabu alichokuwa akishona. "Mimi simwambii. Si mimi niliyepika."

Binti aliporudi na uso unaodondoka maji, duara ilikuwa imewekwa juu ya madaftari, imekunjuliwa, mikunjo minne imeonekana wazi. Hakuuliza ni nini. Alishasoma michoro kama hiyo mara nyingi. Akaweka kidole mwanzo wa mstari, akazunguka nao taratibu, akafika alama ya sabini, kidole kikaendelea. Themanini. Tisini. Kikaendelea.

"Mia na kumi," alisema.

"Mia na kumi, mama."

Binti aliinua kidole kutoka kwenye duara.

"Kwa nini?"

"Harufu haikuja."

"Haikuja kwa sababu haimo, baba! Ile unayoinusa ndiyo gundi yenyewe. Niliitoa! Kazi yangu yote ya miaka minne ilikuwa ni kuitoa hiyo harufu!"

"Niliogopa rojo litoke na vinundu. Wakucheke."

"Kwa hiyo ukaona bora nilie?"

Mpishi akaanza kuzikusanya zile nyuzi za kushonea, moja moja.

"Wakati wa ukame," binti alisema, sauti imeshuka, na kushuka kwake kulikuwa kubaya zaidi, "mabua uliyapika muda gani?"

"Saa moja. Haikufika."

"Kwa nini saa moja?"

"Kwa sababu mabua yana gundi kidog—"

Mkewe akainamisha kichwa juu ya kitabu chake, mabega yakatikisika, na haikujulikana analia au anacheka. Nyumba ile mambo hayo mawili yamekaa mlango kwa mlango.

"Mabua uliyahurumia," binti alisema. "Nyasi za mbuzi ulizihurumia. Miti yangu ukaikaanga." Kisha akafanya kitu ambacho Mpishi hakukitegemea. Akayafunga madaftari, moja moja, la kwanza mpaka la mwisho, akayaweka kifuani akayakumbatia, na machozi yakatoka. "Kwa hiyo si miti."

"Si miti, mama. Ni mimi."

"Nimekukasirikia. Nitakukasirikia mpaka Jumapili, usiniletee maneno matamu."

"Sileti."

"Si miti," alisema tena, kwa mama yake safari hii, kama mtu anayetoka kwa daktari.

Jumatano, kabla kengele ya kuingia kazini haijalia, Mpishi alikuwa ofisini kwa meneja na ile duara mkononi.

"Jana nilikuuliza," meneja alisema baada ya kuitazama.

"Jana nilijibu vibaya. Nimekuja kujibu tena."

Meneja hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa haraka. Alipumua kwa nguvu, akasema hilo watalizungumza siku nyingine, na akakubali jambo moja: Mjukuu, chungu cha maabara, kitumike kwa lile gunia la mti wa saba. Kama halitatosha, basi.

Liligawanywa mafungu matatu madogo. Mpishi alimwambia binti yake, "Pika wewe. Mimi nitasimama nje."

"Mimi sijui valvu hizi. Nikifungua vibaya tutaungua sote. Muda ni wangu, moto ni wako."

"Na pua?"

"Pua haina mwenyewe leo."

Basi akatoa mfukoni kibanio cha nguo, kile cha mbao chenye springi, alichokiiba asubuhi kwenye kamba ya mkewe, akajibana nacho puani. Mama wa vipimo alivua miwani ya machoni, akaweka ya kichwani, ili aone vizuri zaidi.

"Mpishi, umekuwa kamba ya kuanikia?"

"Dajifundisha adabu," akajibu, sauti imepita njia isiyo yake.

Binti hakucheka, alikuwa ameahidi Jumapili. Lakini aligeukia dirishani na kukaa huko muda mrefu kuliko dirisha lilivyostahili.

Dakika ya hamsini Mpishi alikuwa ametoa jasho kama ndiye anayechemshwa. Dakika ya sitini akaanza kutembea. Hakuwa ananusa kitu, lakini hofu haihitaji pua. Ilimwambia kwamba gunia hili likitoka bichi hakuna jingine duniani, kwamba huyu ni mtoto wake wa pekee, kwamba dakika tano hazijamuua mtu. Akaikutanisha mikono nyuma ya mgongo na kuishikilia, mkono mmoja ukimlinda mwingine.

"Sitini na nane," binti alisema. Kisha, bila kumtazama, "Baba, sogea hapa."

Akasogea. Binti akaichukua ile mikono nyuma ya mgongo wake, akaifungua, akaiweka juu ya valvu, na ya kwake akaiweka juu yake. Ilikuwa ya baridi. Mpishi hakuwa amejua. Kutwa nzima alifikiri anayeogopa ni yeye peke yake.

"Sitini na tisa."

"Nangoja uniambie."

"Sasa."

Wakafungua.

Alipoingiza vidole, rojo lilimvuta. Lilikuwa refu, jororo, rangi ya kifua cha njiwa, na alipolinyanyua lilining'inia bila kukatika. Akakitoa kibanio puani, akabaki na alama mbili nyekundu. Akalinyoosha kwa binti yake kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga kwa mwenyewe.

Waliyapika mafungu yote matatu, yote kwa dakika sabini. Alhamisi mama wa vipimo alivuta karatasi kumi na mbili, moja baada ya nyingine, bila utani, maana kwenye mshale wake hana ndugu. Mwisho akaandika, akageuza daftari wasome. Karatasi ya miti ya mkasi ilikuwa karibu sawa na ya magogo ya kawaida, imepungua kwa kiasi ambacho mkono wa mtu haungekitambua. Na ilikuwa imekula nusu ya dawa, na haikufika nusu ya muda.

"Karibu sawa," Mpishi alisema kwa unyonge. "Si zaidi?"

"Wewe huridhiki?" mama wa vipimo akamwambia. "Juzi umetuletea maji."

Ijumaa mchana kamati ikakutana. Hawakushangilia, wanakamati hawalipwi kushangilia. Waliuliza habari za Jumanne, na binti akawaonyesha duara yenye mikunjo minne na kuwaeleza ilivyotokea, baba yake akiwa amekaa nyuma, masikio yamewaka. Mwishowe wakasema miche mia tatu isichomwe. Ipandwe ndani ya uzio, na kila mwaka michache ikatwe kabla haijachanua, ipikwe kiwandani, ipimwe.

Meneja aliwasubiri nje, kwenye ukumbi mwembamba wenye viti vya plastiki. Alimpa binti mkono kwanza.

"Hongera. Sasa tuseme ya kikazi. Mwakani sitampa mzee chungu chako. Nina mpishi mwingine, kijana makini, anafuata maandishi herufi kwa herufi. Ukimwandikia sabini, ni sabini."

"Nimezoea kupikiwa na huyu," binti alisema.

"Huyu amekuharibia miti sita kati ya saba!"

"Meneja anasema kweli, mama," Mpishi akaingilia. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, anaizungusha. "Mpe kijana. Mimi nimeshakuwa na pua yenye mawazo yake. Leo nimejifunza, kesho mti mwingine utakuja na tabia nyingine, nitakosea tena. Miche hii ni mia tatu, haina mchezo."

"Unaona?" meneja akasema. "Mwenyewe anakubali. Mapenzi ni mapenzi na kazi ni kazi. Yule kijana hana historia, hana mtoto kwenye uzio, hana hofu. Ana saa tu. Nipe sababu moja ya kumwacha huyo nimchukue huyu."

Binti aliutazama uso wa baba yake, uliokuwa bado na alama mbili hafifu za kibanio. Kisha akamgeukia meneja.

"Huyo kijana wako siku akikosea, na kila mtu ameshalaumu miti, atakuja kuniambia ni yeye?"